Sumu katika maji ya kijani: historia ya kipimo kilichochelewa

Mwezi Februari mwaka 1996, katika mji wa Caruaru ulioko kaskazini mashariki mwa Brazil, wagonjwa wa figo walifika katika kituo kimoja cha tiba ili damu yao isafishwe kwa mashine, kama walivyozoea kufanya kila wiki. Tiba hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwaweka hai. Safari hii iligeuka kuwa chanzo cha maangamizi yao.

Baada ya kuhudumiwa, macho ya wengi wao yaliingiwa na kiza, vichwa vikawauma, wakashikwa na kichefuchefu na kutapika. Kati ya wagonjwa 131 wa kituo hicho, 116 walipatwa na dalili hizo. Baadaye wagonjwa 100 walipata maradhi makali ya ini, na kati yao 76 walifariki dunia. Hadi kufikia mwezi Disemba mwaka huo, vifo 52 vilikuwa vimehusishwa na chanzo kimoja tu, nacho ni maji yaliyotumika katika mashine.

Ndani ya maji hayo mlikuwa na sumu inayotengenezwa na viumbe wadogo mno, wale wanaoyafanya maziwa na mabwawa yaonekane kana kwamba yamemwagiwa rangi ya kijani.

La kusikitisha zaidi ni kwamba sumu hiyo haikuwa ngeni kwa wanasayansi. Ilikuwa imeandikwa habari zake zaidi ya miaka 100 kabla ya hapo. Muundo wake ulikuwa umekwisha kujulikana, na vipimo vya kuigundua vilikuwapo katika maabara za nchi kadhaa. Hata hivyo, hapakuwa na sheria iliyomlazimu mtu yeyote kuitafuta kabla maji hayajawafikia wagonjwa.

Wapenzi wasikilizaji, historia ya upimaji wa sumu za mwani katika maji ya kunywa ni historia ya elimu iliyopatikana mapema na kutumiwa kwa kuchelewa. Kuielewa, yatupasa kurudi nyuma hadi karne ya 19, kwenye mwisho wa mto mmoja wa Australia.

Kondoo wa Ziwa Alexandrina

Mto Murray, ulio mrefu kuliko mito yote ya Australia, hupita katika Ziwa Alexandrina kabla ya kumwaga maji yake baharini. Wakati wa joto la mwaka 1878, mto ulipungua, maji ya ziwa yakatulia na kupata joto, na juu yake ukatanda utando mzito wa kijani. Upepo uliusukuma utando huo hadi ufukweni, mahali pale pale mifugo ilipokuwa ikinywa maji.

Kondoo, farasi, mbwa na nguruwe walianza kufa. Wengine walianguka na kukata roho saa chache tu baada ya kunywa.

Mkemia mmoja wa mji wa Adelaide, George Francis, hakutosheka na uvumi. Aliuchukua utando ule, akamnywesha kondoo mzima wa afya, kisha akakaa kumtazama. Kondoo huyo alikufa katika muda wa saa 15. Francis aliandika matokeo yake katika jarida la sayansi la Nature mwezi Mei mwaka huo huo, akieleza dalili, muda ambao kila aina ya mnyama ilichukua kabla ya kufa, na hali ya viungo vya ndani baada ya kupasuliwa.

Barua hiyo fupi huhesabiwa kuwa maelezo ya kwanza ya kisayansi kuhusu jambo hili. Pia ndiyo iliyoweka kipimo cha kwanza, ingawa hakuna aliyekiita hivyo wakati huo: mpe mnyama, ungoje uone kama atakufa. Kwa miaka mingi iliyofuata, mwili wa mnyama ndio uliokuwa maabara pekee.

Si mwani, na si kila mmoja ana sumu

Viumbe hao huitwa mwani wa kijani-bluu kwa mazoea, lakini kwa hakika ni bakteria, na jina lao la kitaalamu ni sianobakteria. Wao ni miongoni mwa viumbe wa kale kabisa duniani. Hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea ifanyavyo, na mababu zao ndio walioijaza anga ya dunia oksijeni.

Hustawi kupita kiasi pale mambo matatu yanapokutana: maji yaliyotulia, joto, na wingi wa virutubisho, hasa fosforasi na naitrojeni. Virutubisho hivyo hutoka kwenye mbolea za mashambani, maji machafu ya miji, na udongo unaosombwa na mvua. Baadhi ya sianobakteria wana vifuko vya hewa ndani ya seli zao, navyo huwawezesha kupanda juu kuufuata mwanga. Ndiyo maana maji yaliyokuwa safi jioni yanaweza kuamka asubuhi yakiwa na utando.

Ugumu wake ni kwamba jicho haliwezi kutofautisha. Wakazi wa kandokando ya Ziwa Chad wamekuwa wakivuna sianobakteria wa aina moja, wakiwakausha na kuwala kama kitoweo, bila kudhurika. Aina nyingine ni sumu kali. Na hata ndani ya aina moja, kundi moja laweza kuwa na sumu na jingine lisiwe nayo, yote mawili yakifanana kabisa chini ya hadubini. Kwa hiyo, kuona rangi ya kijani ni onyo tu, wala si jibu.

Kutoka panya hadi pete ya asidi saba

Katika miaka ya 1940, maelfu ya ng'ombe na kondoo walikufa kandokando ya Bwawa la Vaal nchini Afrika Kusini. Mtaalamu wa sumu, Douw Steyn, alichunguza vifo hivyo na kuvihusisha na sianobakteria waliokuwa wametanda bwawani. Maji ya bwawa hilo yalitumiwa pia na watu, na hapo ndipo swali lilipoanza kubadilika. Halikuwa tena swali la mifugo pekee.

Jibu la kikemia lilianza kupatikana nchini Kanada. Mwaka 1959, Paul Gorham na wenzake wa mjini Ottawa waliitenga sumu ya sianobakteria aitwaye Microcystis. Walipowadunga panya dondoo za viumbe hao, waligundua kwamba kulikuwa na vitu viwili vinavyoua, kimoja polepole na kingine kwa muda usiozidi saa moja hivi. Hicho cha pili walikipa jina la kawaida kabisa: kiuaji cha haraka.

Ilichukua zaidi ya miaka 20 kukijua kiuaji hicho kwa undani. Kazi hiyo ilifanyika mjini Pretoria, ambako kati ya mwaka 1982 na 1985 Dawie Botes na wenzake waliufumbua muundo wake. Waligundua kwamba ni pete iliyoungwa kwa asidi amino saba, mojawapo ikiwa ya ajabu, haikupata kuonekana kwingineko. Asidi mbili kati ya hizo saba hubadilika-badilika, na hivyo sumu hiyo ina jamii kubwa ya ndugu. Leo jamii hiyo hujulikana kwa jina la mikrosistini.

Umbo hilo la pete lina maana kubwa kwa mtu wa kawaida. Pete hiyo ni imara mno. Haivunjiki kwa kuchemshwa. Mama anayechemsha maji ya kunywa ili kuua vijidudu vya kipindupindu anafanya jambo jema, lakini kama maji hayo yana mikrosistini, sumu itabaki, na kwa kuwa sehemu ya maji hugeuka mvuke, kile kinachobaki sufuriani huwa kikali zaidi.

Watoto wa Palm Island

Wakati wataalamu wa Pretoria walipokuwa wakiendelea na kazi yao, Australia ilipata pigo jingine, safari hii kwa binadamu.

Palm Island ni kisiwa kilichoko pwani ya jimbo la Queensland, na wengi wa wakazi wake ni wenyeji wa asili wa Australia. Mwezi Novemba mwaka 1979, watu 148 waliugua ghafla. Kati yao 138 walikuwa watoto. Walitapika, maini yao yakavimba, na wengine walihara damu na figo zao kuathirika. Baadhi walilazimika kusafirishwa kwenda kulazwa katika hospitali ya bara. Kwa bahati njema hakuna aliyekufa.

Kwa muda mrefu ugonjwa huo uliitwa ugonjwa wa ajabu wa Palm Island, kwa kuwa madaktari hawakujua ulikotoka. Hatimaye uchunguzi ulionyesha jambo moja la wazi: waliougua walikuwa wakitumia maji ya Bwawa la Solomon. Waliotumia maji ya chanzo kingine walisalimika.

Siku chache kabla ya ugonjwa kuzuka, wananchi walikuwa wamelalamika kwamba maji yananuka na yana ladha mbaya, kwa sababu bwawa lilikuwa limejaa mwani. Wahusika wakatia mrututu bwawani ili kuuua. Mwani ulikufa kweli. Lakini seli zake zilipopasuka, sumu iliyokuwa imefungiwa ndani yake ilimwagika yote kwa pamoja na kuingia katika mabomba.

Sumu hiyo haikuwa mikrosistini. Ilikuwa ya namna nyingine kabisa, na muundo wake haukujulikana hadi mwaka 1992, miaka 13 baada ya watoto wale kulazwa. Inaitwa silindrospemopsini.

Palm Island ilitoa mafunzo mawili ambayo wahandisi wa maji duniani wanayakumbuka hadi leo. La kwanza, kuua mwani si sawa na kuyasafisha maji. La pili, mpimaji hawezi kukipata kile ambacho hajui kwamba kipo. Aliyepima vijidudu vya kawaida tu angeweza kusema maji ni salama, naye asiwe mwongo.

Rangi inayofifia

Mwishoni mwa miaka ya 1980 mambo yalianza kwenda kwa kasi. Mwaka 1989, timu ya watafiti nchini Marekani ikiongozwa na Fun Sun Chu ilieleza kipimo cha mikrosistini kinachotumia kingamwili zilizopatikana kwa sungura. Kingamwili ni askari wa mwili, na kila askari wa aina hii hufunzwa kumtambua adui mmoja tu. Watafiti wakamtoa askari huyo mwilini na kumtia kazini katika vijitundu vya sahani ya plastiki.

Kipimo hicho, kinachoitwa Elisa, ni rahisi kukifuata. Tone la maji huwekwa kijitunduni pamoja na kemikali inayoleta rangi. Maji yakiwa safi, rangi hukolea. Yakiwa na sumu, rangi hufifia, na kadiri sumu inavyozidi ndivyo rangi inavyozidi kupauka. Sampuli nyingi zaweza kupimwa kwa pamoja katika muda wa saa chache, bila kumuua panya hata mmoja.

Mwaka 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee huko Uskochi walieleza kwa nini sumu hii hulilenga ini. Mikrosistini huzuia vimeng'enya viwili muhimu vinavyosaidia kuidhibiti kazi ya seli. Vimeng'enya hivyo vikizimwa, kiunzi cha seli za ini huporomoka, mishipa midogo hupasuka, na damu hujaa ndani ya ini. Ugunduzi huo nao ukawa kipimo: weka kimeng'enya katika maji, na kama kimezimwa, basi ndani mna sumu.

Wengine waliboresha mashine za kuchambua kemikali zinazoweza kuwatenga ndugu wa mikrosistini mmoja mmoja na kutaja kiasi cha kila mmoja. Mashine hizo ni ghali na zinahitaji wataalamu, lakini hukumu yake haina shaka.

Yapo pia mambo madogo ambayo mpimaji akiyasahau, kazi yote huharibika. Sehemu kubwa ya sumu hukaa ndani ya seli hai. Mpimaji akiyachuja maji kwanza na kupima kilichopita, atapata jibu la kutia moyo lisilo la kweli. Kwa sababu hiyo sampuli hugandishwa na kuyeyushwa mara kadhaa ili seli zipasuke na sumu yote ijitokeze.

Basi kufikia mwaka 1996 silaha zilikuwa tayari. Hapo ndipo tunaporudi Caruaru.

Yaliyogunduliwa ndani ya machujio

Mtu mwenye afya akinywa maji yenye sumu kidogo, tumbo na utumbo wake humpa kinga ya aina fulani. Mgonjwa anayesafishwa damu hana kinga hiyo. Katika kikao kimoja, takriban lita 120 za maji hupita karibu na damu yake, zikitenganishwa nayo na utando mwembamba tu. Kitu kidogo kilichomo majini chaweza kuuvuka utando huo na kuingia moja kwa moja katika mishipa.

Maji ya kituo cha Caruaru yalitoka katika Bwawa la Tabocas, nayo yalipelekwa kwa malori, bila kupitia hatua zote za usafishaji. Mitambo ya kusafishia maji iliyokuwa ndani ya kituo chenyewe haikuweza kuizuia sumu.

Watafiti walipoanza kazi, maji yenyewe yaliyotumika katika siku zile za Februari yalikuwa yamekwisha. Ikabidi ushahidi utafutwe palipobaki mabaki yake. Sandra Azevedo wa Chuo Kikuu cha Rio de Janeiro, Wayne Carmichael wa Chuo Kikuu cha Wright State nchini Marekani, na wenzao walichunguza makaa na mchanga wa machujio, pamoja na damu na vipande vya maini ya wagonjwa. Mikrosistini ilipatikana kote humo. Katika makaa na mchanga ilipatikana pia silindrospemopsini, sumu ile ile ya Palm Island.

Kutokana na kiasi kilichokutwa katika maini, walikadiria kwamba maji yaliyowafikia wagonjwa yalikuwa na mikrosistini ya mikrogramu 19.5 kwa kila lita.

Palikuwa na ushahidi mwingine, wala haukuhitaji mashine yoyote. Kumbukumbu za bwawa zilionyesha kwamba sianobakteria walikuwa wametawala maji yale tangu mwaka 1990. Kwa miaka sita onyo lilikuwa limeandikwa katika makaratasi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na msemo huo uliwafaa watu wa Caruaru kuliko wengi.

Mikrogramu moja

Msiba wa Brazil uliitikisa dunia ya wataalamu wa maji. Mwaka 1998 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa kwa mara ya kwanza kiwango cha muda cha mikrosistini katika maji ya kunywa: isizidi mikrogramu moja kwa lita.

Kiasi hicho ni kidogo kiasi cha kutofikirika. Ni sawa na gramu moja iliyotawanywa katika malori 100 ya maji, kila lori likibeba lita 10,000.

Hesabu yake inafaa kufuatwa, kwani huonyesha jinsi viwango vya namna hii vinavyopatikana. Katika utafiti mmoja, panya waliopewa mikrogramu 40 za sumu kwa kila kilo ya uzito wao kila siku hawakuonyesha madhara. Wataalamu waligawanya kiasi hicho kwa 1,000, kwa kuwa binadamu si panya, watu hawafanani, na utafiti wenyewe ulikuwa na mapungufu. Wakachukua mtu mzima wa kilo 60 anayekunywa lita mbili kwa siku, wakaacha nafasi kidogo kwa sumu inayoweza kutoka katika chakula, wakapata 0.96. Wakaifanya kuwa moja.

Mwaka 2000 Brazil ilikiingiza kiwango hicho katika kanuni zake za maji ya kunywa na kuwalazimisha wasambazaji kuwachunguza sianobakteria katika vyanzo vyao. Mwaka 2020 WHO ilipanua mwongozo wake. Ilibakiza mikrogramu moja kwa matumizi ya maisha yote na kuweka 12 kwa muda mfupi, kisha ikaongeza viwango kwa sumu nyingine, ikiwemo silindrospemopsini.

Hata hivyo mtu mzima wa kilo 60 si mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji ya bomba. Kwa kuzingatia hilo, Marekani mwaka 2015 ilitoa ushauri wenye namba mbili: mikrogramu 0.3 kwa watoto walio chini ya umri wa kwenda shule, na 1.6 kwa wengine wote.

Siku tatu za Toledo

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Agosti mwaka 2014, wapimaji katika mtambo wa maji wa mji wa Toledo, jimbo la Ohio, waliona jibu ambalo hawakulitaka. Maji yaliyokwisha kusafishwa, yaliyokuwa tayari kupelekwa majumbani, yalikuwa na mikrosistini kupita mikrogramu moja kwa lita. Mji huo huteka maji yake katika Ziwa Erie, ambalo upande wake wa magharibi hugeuka kijani karibu kila kiangazi.

Kabla ya mapambazuko wakazi wapatao nusu milioni walikuwa wamekwisha kuarifiwa: msinywe, na msichemshe. Maduka yaliishiwa maji ya chupa katika muda wa saa chache. Askari wa akiba waliletwa kusambaza maji. Tarehe 4 Agosti, baada ya vipimo kurudiwa na mtambo kurekebishwa, katazo liliondolewa.

Ulikuwa usumbufu mkubwa, na wengi walilalamika kwa haki. Lakini maziara ya Toledo hayakupata wageni kwa sababu ya maji yale. Wakati huo sheria ya taifa nchini Marekani haikuulazimisha mji wowote kuitafuta sumu hii. Toledo ilikuwa ikiitafuta kwa hiari, kwa sababu wataalamu wake walilijua ziwa lao. Mwaka mmoja nyuma, katika kitongoji cha Carroll kilicho katika jimbo hilo hilo, wakazi 2,000 hivi walikatiwa maji kwa sababu ile ile.

Tofauti kati ya Caruaru na Toledo haikuwa katika sumu. Ilikuwa katika kwamba mahali pamoja palikuwa na mtu aliyepewa kazi ya kupima, na aliyekuwa na idhini ya kuyafunga maji.

Ziwa Victoria na majirani zake

Afrika Mashariki nayo ina sura yake katika historia hii, na imo ndani yake hadi sasa.

Katika miaka ya 1990, maelfu ya heroe, ndege ambao wengi huwaita flamingo, walikuwa wakifa katika maziwa ya Nakuru na Bogoria nchini Kenya. Metali nzito na maradhi ya kuambukiza vilitajwa. Kisha mwaka 2003 watafiti walichapisha matokeo kuhusu chemchemi za moto za Bogoria, wakieleza kwamba sumu za ini na sumu za neva zilipatikana katika sianobakteria wa chemchemi hizo na ndani ya matumbo ya ndege waliokufa. Mjadala kuhusu uzito wa kila sababu umeendelea, lakini tangu hapo sumu hizo haziwezi kuachwa nje ya hesabu.

Hakuna anayekunywa maji ya Nakuru au Bogoria, kwa kuwa ni ya magadi. Ziwa Victoria ni jambo jingine. Katika bonde lake wanaishi watu zaidi ya milioni 40, na miji ya Mwanza, Kisumu na Kampala huteka humo maji yake ya bomba. Kati ya mwaka 2005 na 2012, tafiti kuhusu Ghuba ya Mwanza, Ghuba ya Murchison iliyo jirani na Kampala, na Ghuba ya Nyanza upande wa Kenya zilithibitisha kwamba sianobakteria wenye kutengeneza mikrosistini wamo katika ghuba hizo.

Mtambo wa mjini unaoendeshwa ipasavyo una njia za kujilinda. Shabu na machujio ya mchanga huzinasa seli zikiwa nzima, pamoja na sumu iliyomo ndani yake. Klorini ikitiwa ya kutosha na kuachwa muda wa kutosha huivunja mikrosistini iliyokwisha kumwagika, na makaa maalumu huinyonya. Ila ni lazima mwenye mtambo ajue kwamba sumu imekuja, na ni kiasi gani. Bila kipimo, anafanya kazi gizani.

Walio nje ya mtandao wa mabomba wana hali ngumu zaidi. Katika vijiji vingi vya ufukweni na visiwani, ndoo huchovywa ziwani moja kwa moja, na aghalabu pale pale upepo unapoukusanya utando wa kijani, kama ulivyoukusanya Alexandrina mwaka 1878. Setilaiti sasa huweza kuuona utando huo kutoka angani, na vijiti vya kupimia vinavyotoa jibu papo hapo vinauzwa. Picha ya setilaiti, hata hivyo, haionyeshi sumu, na kijiti hakimfikii mtu ambaye hakuna ofisi iliyopewa jukumu la kumpelekea.

Kwa walio katika hali hiyo, ushauri wa wataalamu ni wa wazi. Maji yasitekwe penye utando au rangi ya kijani iliyokolea. Yatekwe mbali na ufuko, palipo safi, au katika kisima kilichochimbwa pembeni ili mchanga uyachuje kwanza. Watoto wasiachwe wacheze ndani ya utando huo, na mifugo izuiwe kuunywa. Kuchemsha kuendelee kwa ajili ya vijidudu, lakini kusitegemewe kuondoa sumu hii. Na samaki, punda au mbwa wakianza kufa ufukweni, wakuu wa afya waarifiwe siku hiyo hiyo.

Ushauri huo waweza kupunguza hatari, lakini hauwezi kuwa badala ya maabara. Kipimo cha Elisa kimekuwapo tangu mwaka 1989, na kiwango cha WHO tangu mwaka 1998. Kinachobaki kuulizwa katika kila mji na kila wilaya inayokunywa maji ya ziwa ni swali ambalo hakuna aliyeliuliza Caruaru kwa miaka sita: je, ni nani anayeyapima maji haya, anayapima mara ngapi, na akipata jibu baya, ana mamlaka ya kufanya nini?